Sura ya Tatu: Kaboni na Ukoo Wake

Chukua ganda la chungwa lililomenywa sasa hivi, likunje mbele ya ulimi wa moto wa kibatari, kisha libane kwa kidole gumba na cha shahada. Utaona rasharasha nyembamba ikiruka kutoka katika vitundu vya ganda lile, ikashika moto ingali hewani kwa cheche na mlio mdogo wa kupasuka, na harufu ya chungwa ikatanda chumba kizima. Watoto wengi wa zama za vibatari waliujua mchezo huu kabla ya kuijua shule, na wakubwa wao waliuruhusu kwa kuwa haukuwa na gharama. Lakini katika mchezo huo umo mlango wa elimu pana, nami ningependa tuingie kwa mlango huo.

Kile kinachoruka na kuwaka ni mafuta mepesi ambayo wanakemia huyaita limonini. Kila molekuli yake imejengwa kwa atomi 10 za kaboni na atomi 16 za haidrojeni, basi. Hamna chumvi, hamna madini, hamna kitu cha tatu. Sasa tuseme kwamba jioni hiyo hiyo, katika chumba cha pili, mama wa nyumba ametia ubani katika chetezo. Katika mafuta mepesi yanayotangulia kupaa kutoka katika ubani wa Dhofari, sehemu kubwa ni kitu kiitwacho pinini, na molekuli ya pinini nayo ina atomi 10 za kaboni na atomi 16 za haidrojeni, haikuzidi wala haikupungua. Mizani haioni hitilafu baina ya molekuli hizi mbili, na hesabu haiioni pia. Ila pua ya mtoto mdogo hutambua kwa pumzi moja kwamba hili ni tunda na huu ni ubani. Hitilafu hiyo imetoka wapi, ikiwa mali ni ile ile na idadi ni ile ile? Imetoka katika mpango: atomi ipi imeshikana na ipi, na kwa namna gani. Hilo ndilo neno ambalo sura hii imekusudia kulithibitisha, yaani kwamba katika ukoo wa kaboni na haidrojeni, ambao wataalamu huuita haidrokaboni, mpango ndio unaoamua tabia.

Mwanzoni mwa karne ya 19 wanakemia wa Ulaya waliigawa dunia mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa la vitu vya ardhini, kama vile chumvi, chuma na chokaa, ambavyo mtu aliweza kuvitenga na kuviunganisha apendavyo katika maabara yake. Na fungu la pili lilikuwa la vitu vinavyotoka katika viumbe hai, kama vile sukari, mafuta, siki na mkojo, ambavyo Jöns Jacob Berzelius wa Sweden, mwanachuoni aliyeheshimiwa kuliko wote katika fani hiyo, pamoja na wenzake wengi, walidhani kwamba haviwezi kuumbwa ila kwa nguvu ya uhai iliyomo ndani ya mwili wa mnyama au mmea. Itikadi hiyo haikuwa ya kijinga, maana kila aliyejaribu kutengeneza kitu cha fungu la pili kwa vitu vya fungu la kwanza alikuwa ameshindwa.

Mwaka 1828, huko Berlin, kijana wa miaka 27 aitwaye Friedrich Wöhler, ambaye alikuwa amepata kuwa mwanafunzi wa Berzelius, alikuwa akijaribu kutengeneza chumvi moja ya amonia. Chumvi ile ilipopata joto ikageuka kuwa fuwele nyeupe ambazo hakuzitarajia, naye alipozipima kwa uangalifu akaona kwamba ni urea, kitu kile kile kinachopatikana katika mkojo. Alimwandikia mwalimu wake barua akimweleza kwamba ameweza kutengeneza urea bila ya kuhitaji figo ya mtu wala ya mbwa. Itikadi ya kale haikufa siku hiyo, kwani itikadi hufa polepole. Hata hivyo mwaka 1845 Mjerumani mwingine, Hermann Kolbe, alitengeneza asidi ya siki kwa njia za maabara, na taratibu ukuta baina ya mafungu mawili ukabomoka. Mkulima wa Mbeya au Iringa anayebeba begani mfuko wa urea kupeleka katika shamba lake la mahindi, mbolea ambayo asilimia 46 ya uzito wake ni naitrojeni, anabeba mzigo wa kitu ambacho zamani kilidhaniwa kuwa muhali kukipata nje ya mwili wa kiumbe.

Baada ya ukuta huo kuanguka, mgawanyo mpya ukasimama mahali pake: kemia ya kaboni kwa upande mmoja na kemia ya vitu vingine vyote kwa upande wa pili. Huenda msomaji akauliza ni kwa haki gani kitu kimoja kipewe nusu ya elimu nzima, na vingine vyote vigawane nusu iliyobaki. Jibu lilipatikana mwaka 1858, pale August Kekulé wa Ujerumani na Archibald Scott Couper wa Scotland, kila mmoja kwa fikira zake bila ya kushauriana na mwenziwe, walipobaini kwamba kila atomi ya kaboni ina uwezo wa kushikana mara nne, na kwamba kaboni hushikana na kaboni nyenziwe.

Tuchukue mfano wa mikono. Haidrojeni ina mkono mmoja, kwa hiyo ikishamshika mtu mmoja haina tena la kufanya. Oksijeni ina mikono miwili, naitrojeni mitatu, na kaboni minne. Atomi ya kaboni inaweza kumpa mwenzake mkono mmoja na kubakiwa na mitatu, na mwenzake naye akampa wa tatu, na wa tatu akampa wa nne, mpaka ukapatikana mnyororo wa atomi kumi, au mia, au maelfu, na kila moja bado ina mikono ya kuishikia haidrojeni. Mnyororo unaweza kunyooka, unaweza kuchipua matawi kama mkwaju, na unaweza kujipinda hata ncha zake zikakutana kama tasbihi. Hakuna atomi nyingine inayoshikana na jinsi yake kwa wingi na uthabiti kama huo.

Mdogo kabisa katika ukoo huu ni methani, ambayo ni atomi moja ya kaboni iliyoshika haidrojeni nne. Mwaka 1776 Alessandro Volta wa Italia, mtu yule yule ambaye baadaye alivumbua betri, alikuwa akichokoa tope la kando ya Ziwa Maggiore kwa fimbo na kukinga katika chupa mapovu yaliyopanda juu, akaona kwamba hewa ile yashika moto. Methani huzaliwa mahali ambapo majani na mizoga huoza bila ya hewa, na vijidudu vinavyoifanya kazi hiyo vimo katika matope, katika matumbo ya ng'ombe na katika vina vya maziwa. Ziwa Kivu, baina ya Rwanda na Kongo, limehifadhi katika maji yake ya chini takriban kilomita 60 za ujazo za methani, nayo Rwanda imeanza kuivuta na kuigeuza umeme. Mtambo uliofunguliwa mwaka 2016 una uwezo wa megawati 26. Katika kisiwa cha Songo Songo, wilaya ya Kilwa, gesi iliyogunduliwa mwaka 1974 imekuwa ikisafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam tangu mwaka 2004, na gesi hiyo karibu yote ni methani. Kwa hiyo taa nyingi za umeme mjini humo huwaka kwa nguvu ya yale mapovu ya Volta.

Ukiongeza kaboni moja baada ya moja, unapata ethani yenye kaboni mbili, propani yenye tatu, butani yenye nne, na kuanzia hapo majina huchukua hesabu za Kiyunani: pentani ni tano, heksani sita, oktani nane, dekani kumi. Ndugu hawa wote huitwa alkani, na wamefungwa na kanuni moja nyepesi: zidisha idadi ya kaboni kwa mbili, kisha ongeza mbili, utapata idadi ya haidrojeni. Propani ina kaboni 3, basi haidrojeni zake ni 8. Oktani ina kaboni 8, basi haidrojeni zake ni 18. Wataalamu husema kwamba alkani zimeshiba, kwa sababu kila mkono wa kaboni umeshika mtu wake na hakuna nafasi ya mgeni.

Tazama sasa jinsi urefu wa mnyororo unavyobadilisha tabia. Methani huchemka katika baridi ya nyuzi 162 chini ya sifuri, propani nyuzi 42 chini ya sifuri, butani karibu na sifuri yenyewe, pentani nyuzi 36 juu ya sifuri, na oktani nyuzi 126. Sababu yake ni kwamba molekuli fupi hugusana kidogo na kuachana upesi, na molekuli ndefu hugusana kila mahali katika urefu wao, kama nyuzi za katani zilizosokotana, hata ikahitajiwa nguvu kubwa kuzitenganisha. Ukitikisa mtungi wa gesi ya kupikia utahisi kitu cha maji kikicheza ndani. Hicho ni propani na butani, ambazo katika joto la kwetu zingekuwa hewa, lakini zimeshindiliwa zikawa maji, nazo zikitoka mdomoni mwa mtungi hurudia uhewa wao mara moja. Zina uzito kuliko hewa tunayoivuta, kwa hiyo zikivuja hushuka sakafuni na kutulia chini ya meza na vitanda. Na kwa kuwa zenyewe hazina harufu, watengenezaji huzitia kitu cha jamii ya salfa chenye uvundo mkali ili ziwe na mpiga mbiu wake. Atakayeusikia uvundo huo usiku na afungue milango na madirisha, wala asiwashe kiberiti, wala asiguse swichi ya taa, kwani cheche ya swichi yatosha.

Panda ngazi hiyo na utakutana na petroli, kisha mafuta ya taa, ambayo mengi yake yana kaboni baina ya 10 na 16, kisha dizeli, kisha nta ya mishumaa, na mwisho lami ya barabarani. Vyote hivi hutoka ardhini vikiwa vimechanganyika katika mafuta ghafi, na mtambo wa kusafishia huvitenga kwa kuvichemsha ndani ya mnara mrefu, ambamo mvuke wa minyororo mifupi hupaa mpaka juu, na mvuke wa minyororo mirefu hugeuka maji katika orofa za chini. Mafuta yaliyogunduliwa Uganda kando ya Ziwa Albert yana nta nyingi, yaani minyororo mirefu, na katika joto la kawaida huganda kama samli ya asubuhi. Ndiyo maana bomba lililobuniwa kuyaleta Chongoleani, Tanga, umbali wa kilomita 1,443, limesanifiwa liwe na joto lisilopungua nyuzi 50 njia nzima. Mhandisi asiyejua urefu wa mnyororo angejenga bomba ambalo lingeziba.

Hata hivyo urefu peke yake hautoshi kueleza wingi wa viumbe wa ukoo huu. Kaboni nne za butani zaweza kupangwa kwa njia mbili: zote nne katika mstari mmoja, au tatu katika mstari na ya nne ikachipua katikati. Pentani ina njia tatu, heksani tano, na dekani 75. Na alkani yenye kaboni 20 ina njia 366,319. Kila njia ni kitu mbali, chenye kiwango chake cha kuchemka na tabia zake, ingawa kila atomi ya huyu imo katika hesabu ya yule. Hapo ndipo tunapofahamu kwa nini chungwa na ubani hutofautiana: ni herufi zile zile zilizoandika maneno mawili, kama vile herufi za neno *kaa* huandika pia *aka*, na hakuna msomaji anayeshangaa kwamba maana zimeachana.

Kuna mpango mwingine tena. Kaboni mbili zaweza kushikana kwa mikono miwili miwili, nacho huitwa kiungo maradufu. Mdogo wa jamaa hii, ambayo huitwa alkeni, ni ethilini, yenye kaboni 2 na haidrojeni 4, nayo wanawake na wanaume wa nchi zetu wameitumia vizazi vingi bila ya kuijua jina. Anayevumbika ndizi hufukia mkungu shimoni, akauzungushia majani, na mara nyingi akaufukizia moshi, na baada ya siku chache ndizi zikatoka za manjano na laini. Moshi ule una ethilini. Na mwaka 1934 Richard Gane wa Uingereza alithibitisha kwamba matunda yenyewe, yanapoiva, hutoa ethilini, na ethilini ya tunda moja huyaamuru matunda jirani yaive. Hiyo ndiyo hikima ya kulifunika embe moja bivu pamoja na mabichi katika kapu.

Kiungo maradufu ni kama mkono wa akiba: kinaweza kuachia upande mmoja na kumshika mgeni bila ya molekuli kuvunjika. Tarehe 27 Machi 1933, katika kiwanda cha Northwich, Uingereza, Eric Fawcett na Reginald Gibson waliibana ethilini kwa kanieneo kubwa mno, na walipofungua chombo wakakuta kitu cheupe mfano wa nta. Molekuli za ethilini zilikuwa zimeachia mikono yao ya akiba na kushikana zenyewe kwa zenyewe katika minyororo ya maelfu ya atomi. Hiyo ndiyo politini, ambayo tulikuja kuijua kwa mifuko ya sokoni. Uimara wake ulikuwa sifa yake na ulikuwa pia taksiri yake, kwani vijidudu vya ardhini, ambavyo hula majani na mbao, havijui namna ya kuufungua mnyororo huo, na mifuko ikajaa mitaroni na matumboni mwa mbuzi mpaka Rwanda ikaipiga marufuku mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania bara mwaka 2019.

Mikono mitatu mitatu huzaa asetilini, na hapa twakutana tena na Wöhler, ambaye mwaka 1862, akiwa mtu mzima, aliona kwamba kabidi ikidondoshewa maji hutoa gesi hiyo. Ingia katika karakana ya fundi wa kuchomelea na utayaona hayo kwa macho: mawe ya kijivu ndani ya pipa, maji, mchemko, harufu nzito, kisha moto mweupe ambao ukichanganywa na oksijeni joto lake hupita nyuzi 3,000 na kuyeyusha chuma kama siagi. Neno *karabai*, ambalo pwani huitwa taa yenye nuru kali, lina mwangwi wa kabidi hiyo. Wapo wachuuzi wanaoitumia kabidi ya karakana kuivisha maembe na ndizi kwa haraka, kwa kuwa asetilini huiga kazi ya ethilini. Nami nawasihi waache, kwani kabidi hiyo huwa na chembe za arseniki na fosforasi, na mlaji hana njia ya kuziona juu ya ganda.

Mpango wa mwisho ni duara. Mwaka 1825 Michael Faraday wa London alipewa mabaki ya mafuta yaliyokusanyika katika mitungi ya gesi ya taa, akatenga humo maji safi yenye harufu tamu, ambayo leo huitwa benzini: kaboni 6 na haidrojeni 6. Kwa miaka 40 hakuna aliyeweza kueleza jinsi kaboni sita zenye mikono 24 zinavyoridhika na haidrojeni sita tu. Mwaka 1865 Kekulé alipendekeza kwamba kaboni hizo zimeshikana kwa duara, na uzeeni alisimulia kwamba fikira hiyo ilimjia alipokuwa akisinzia mbele ya moto, akaona nyoka akiuma mkia wake mwenyewe. Mwaka 1929 Kathleen Lonsdale alichunguza kwa eksirei fuwele za jamaa mmoja wa benzini, akathibitisha kwamba duara hilo ni bapa na pande zake sita ni sawa. Benzini imo kiasi katika petroli, nayo ikizoeleka mwilini huharibu damu na kuleta saratani yake. Kwa hiyo mafundi wa magari wanaonawa mikono kwa petroli, au kuivuta kwa mpira na kinywa, na wajue kwamba wanayoyagusa si maji ya kuoshea.

Haidrokaboni zote hizi, za mnyororo na za duara, hukutana katika jambo moja, nalo ni moto. Teleka sufuria ya maji baridi juu ya jiko la gesi na uitazame kwa nje katika dakika ya kwanza: utaona umande umeota ubavuni, na wapo waliodhani kwamba sufuria yavuja. Maji yale yamezaliwa sasa hivi katika moto. Haidrojeni ya gesi imeshikana na oksijeni ya hewa ikawa maji, na kaboni imeshikana na oksijeni ikawa kaboni dioksidi. Gramu 16 za methani huchukua gramu 64 za oksijeni, na huzaa gramu 44 za kaboni dioksidi na gramu 36 za maji. Jumla ya kilichoingia ni 80 na jumla ya kilichotoka ni 80, kwani moto hauangamizi atomi hata moja, huzipanga upya tu. Hewa ikiwa haba, kaboni nyingine hubaki peke yake ikawa masizi, ndiyo yanayoipaka weusi chemli ya kandili. Na nyingine hupata oksijeni moja badala ya mbili ikawa kaboni monoksidi, gesi isiyo rangi wala harufu, ambayo hushika damu mahali pa oksijeni na kumuua aliyelala. Jiko, liwe la mafuta au la mkaa, lisilazwe chumbani pamoja na watu milango ikiwa imefungwa.

Mpaka hapa tumekuwa na wageni wawili tu barazani, kaboni na haidrojeni, na oksijeni tumeiona ikija kwa fujo ya moto na kuvunja kila kilichojengwa. Lakini oksijeni yajua pia kuingia kwa adabu, ikashika nafasi moja ndani ya molekuli na kuuacha mnyororo ukiwa mzima. Mgema anayeshusha kibuyu asubuhi hushusha maji matamu ya mnazi. Jioni yamekuwa tembo kali, na yakiachwa siku kadhaa huwa siki. Tembo na siki zina kaboni mbili mbili, kama ethani ile isiyo ladha wala harufu, ila kwa tembo atomi moja ya oksijeni imekaribishwa, na kwa siki mbili. Namna zilivyokaribishwa, na tabia zilizozuka kwa sababu yake, ndiyo habari ya sura inayofuata.